Kibwana wa Breki na Shikamoo ya Pacha Wake

Tarehe 30 Juni 1914 ndugu yetu Kibwana Salum anaiachia breki baada ya miaka tisa ya utumishi. Alianza na sururu, reli ikiwa bado inatafuta njia kutoka Dar es Salaam. Ilipofika Morogoro alipanda behewa la nyuma, na hakushuka tena. Hapa stesheni ya Morogoro hakuna aliyeshika breki muda mrefu kumpita, wala aliyeisifia kazi yake mwenyewe kwa sauti kubwa zaidi.

Sifa nyingine ni za kweli. Mwaka wa mvua kubwa, karibu na Mikese, dereva alipopiga filimbi ya hatari Kibwana alikaza breki kwa mwili mzima, na gari likasimama ukingoni mwa shimo lililochimbwa na mafuriko. Abiria wakamshukuru Mungu. Kibwana alitaka na yeye atajwe.

Lakini mwaka huu nusura reli imponze. Mwalimu Dominiko wa misheni, msomaji wa magazeti ya Kijerumani, alitusimulia hapa stesheni kwamba wataalamu wa Ulaya wanasema anayekwenda mbio, wakati wake hupunguza mwendo: si saa yake tu, hata moyo, mvi na kucha. Pacha mmoja akisafiri na mwenzake akabaki nyumbani, msafiri atarudi akiwa kijana zaidi.

Kumbe Yunusi, pacha wa Kibwana, alikuwa palepale na ndizi zake kutoka mlimani. Siku hiyohiyo akaacha kumwamkia kaka yake. Kwa kuwa Kibwana ameshinda miaka yote kwenye gari moshi, basi mkubwa sasa ni yeye Yunusi, na shikamoo ije kwake. Neno likapanda hadi Kinole, kijijini kwao mlimani, kwa mjomba wao mgonjwa, ambaye kigoda chake cha ukoo humwendea mpwa mkubwa. Mzaha ukaisha. Kibwana aliumia hadi chakula kikamshinda, na tunaomfahamu tulijua hilo si jambo dogo.

Dominiko aliulizwa tena, akafafanua. Habari ni ya kweli, ila inataka mbio za kukaribia mwanga wenyewe. Kwa gari letu, linalopitwa na mbuzi kwenye mwinuko, miaka yote hiyo haijampunguzia Kibwana hata muda wa kupepesa jicho. Naye Yunusi alizaliwa mkunga akiwa ameshamwosha kaka mtu na kunywa uji. Ukubwa ukabaki kwa Kibwana.

Jumapili iliyopita akapanda Kinole kuidai shikamoo yake, nasi tukamsindikiza. Akamkuta Yunusi amembeba mjomba mgongoni, anamtoa juani kumpeleka kivulini. Mashamba ya ndugu wote wawili yalikuwa yamepaliliwa, na kaburi la mama yao, aliyefariki Kibwana akiwa safarini, lilikuwa limefagiwa. Kibwana aliyatazama yote hayo, akainama na kutoa shikamoo. Yunusi, kwa aibu, akatoa yake papo hapo. Hakuna aliyekubali kuitikia. Mwishowe mjomba, akiwa bado mgongoni, aliitikia marahaba kwa niaba ya wote wawili, akasema kigoda watakikalia kwa kupokezana, na kwamba yeye mwenyewe hajafa bado.

Ahsante, Kibwana. Leo stesheni nzima inakuamkia. Nenda ukakae na pacha wako, na uzee uwachelewee nyote wawili, hata bila gari moshi.