Maji ya Moto ya Fundi Viatu

Benchi ni ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha Fundi Viatu, na wakaao hapo humaliza matatizo ya dunia kabla birika la Shangazi Kahawa halijapoa. Asubuhi hiyo tatizo lilikuwa la Fundi mwenyewe. Mkewe alikwenda kwa binti yao kulea mjukuu. Mjukuu sasa anakimbia, na bibi bado yuko huko, kila akipiga simu anasifia bafu la binti: maji ya moto yanamwagika mpaka mgongo unasahau umri! Basi Fundi akanunua hita ya maji, akaifunga bafuni kwake kimyakimya. Hamu ya mkewe ilimjaa mpaka akichanganya gundi anamuona.

— Nikifungulia kidogo, yanatoka ya moto lakini uzi tu, alilalamika. Nikifungulia yote, yanamwagika baridi. Nimekinga ndoo leo, nimeshona soli nzima haijajaa.

— Hiyo heri, alisema Injinia, aliyepewa jina hilo baada ya kutengeneza redio isiimbe tena. Haraka haraka haina baraka.

— Baraka gani, na povu linanikaukia mgongoni?

Breki, dereva wa lori, akatikisa kichwa.

— Bomba lako lina kona nyingi. Maji yanapunguza mwendo, kama lori lenye mzigo. Linyooshe.

— Lipite wapi? Katikati kuna jiko.

— Vunja jiko.

— Mke wangu arudi akute hana jiko?

— Si ataoga!

— Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alidakia Shangazi Kahawa. Umeisifu mno hiyo hita, imevimba kichwa.

— Sikilizeni, alisema Injinia, akisimama kabisa. Maji yanauogopa moto. Yakiusikia tu, yanarudi nyuma. Ifunike hita blanketi, yasijue yanakokwenda!

Benchi likaangua kicheko. Fundi naye alicheka, lakini kicheko hakikumfika moyoni.

Pembeni alikuwepo mama mgeni, mguu mmoja peku, akingoja kandambili yake ishonwe ukanda.

— Samahani, mzee wangu. Na mama mwenyewe, umeshamwambia arudi?

Sindano ikasimama.

— Nangoja kwanza maji yakae sawa.

— Maji sikuyauliza.

— Basi... bado. Kila Jumapili ananiuliza, “Huko kuna jipya?” Nami namjibu hakuna, nisije nikaiharibu zawadi.

— Ukimjibu hivyo, anasemaje?

Fundi alifikiri.

— Ananyamaza kidogo. Halafu ndipo anaanza kulisifia lile bafu.

Alijisikia mwenyewe akiyasema hayo, akaiweka kandambili chini, akatoa simu. Benchi zima likimtazama, akampigia mkewe bila kungoja maji yakae sawa.