Kiti Kando ya Baba

Fundi wa mapazia hakupanda basi ili asikilize ya watu. Lakini yeye hushona mapazia ya madirisha, si ya masikio, na kwenye kiti cha mbele yake dada na mdogo wake wa kiume walikuwa wakibishania mgahawa wa kumpeleka baba yao siku ya kustaafu.

"Twende ule mpya wa ghorofani," alisema kijana. "Vitambaa vyeupe, muziki wa taratibu, raha tupu."

"Kule kilimani wametuzoea, mdogo wangu."

"Wametuzoea wapi! Kila mwaka tangu tumzike mama tunaingia watatu, wanatuandalia meza ya watu wanne. Mhudumu ni mgeni kila mara, na kila mara anavuta kiti cha nne kando ya baba. Huogopi?"

"Naogopa," dada alikiri. "Ila nyumbani baba tunambembeleza kula kama mtoto. Kule anamaliza sahani, na anacheka."

"Anacheka na nani, dada?"

Dada aliinua mkoba wake. Fundi naye akaacha kujifanya anatazama nje.

Basi likasimama. Dada alishuka, kijana akamfuata huku akisema ghorofani, ghorofani. Kondakta, ambaye safari nzima hakuwa na neno jema kwa mtu, hakufunga mlango. Alinyoosha mkono kwenye ngazi tupu, kama anayeshika kiwiko cha mtu, akangoja.

"Polepole, mama," alisema. "Wanao hao hapo, wanakusubiri."