Bibi Aliyeniita Nishuke Mnazini

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa! Mimi ni mkwezi wa minazi, si msemaji, basi mnivumilie.

Miaka ile ya hamsini nilitoka kwetu Taru kwenye ukame, nikateremka Kinondo kutafuta kibarua cha kuangua nazi. Mkwezi mgeni hana mali ila jina lake. Akiitwa mwizi mara moja, hakuna atakayempa kazi tena.

Asubuhi moja Bi Mwanasha, ajuza aliyekaa peke yake, alinionyesha minazi mitatu kando ya nyumba yake. "Ni ya marehemu mume wangu. Niangulie, mwanangu, nami nikupikie muhogo." Kule Kinondo shamba laweza kuwa la huyu na minazi ikawa ya yule, na mgeni hawezi kujua kwa kutazama. Kumbe mumewe aliiuza zamani kwa jirani, Mzee Hamisi, na bibi alikwisha kusahau.

Mzee Hamisi alinikuta juu, akaita askari. Nikasema nimetumwa. Bi Mwanasha akatoka jikoni, akanitazama usoni, akasema, "Simjui huyu." Hakusema uongo, ndugu zangu, akili zilikuwa zimemtoka palepale. Lakini mimi, pingu mikononi, nilimwona yeye ndiye shetani.

Nilikaa mahabusu siku tisa. Niliomba nitolewe, na katika sala hiyohiyo nikamlaani yule bibi. Naona haya kulisema mbele yenu, lakini ndivyo nilivyoomba.

Bwana alinijibu kwa njia nisiyoistahili. Kila asubuhi Mzee Hamisi alimkuta bibi chini ya minazi ile, sahani ya muhogo mkononi, akiita juu: "Shuka, mwanangu, zatosha. Muhogo wapoa." Siku ya tisa akamwuliza, "Bibi, wamwita nani?" Akajibu, "Mkwezi niliyemtuma. Hashuki." Mzee Hamisi hakungoja. Alikwenda kituoni kwa miguu, akaondoa mashtaka yake, akaniomba radhi mbele ya askari.

Nilirudi kuchukua kamba yangu. Bibi alikuwa palepale, ametazama juu, anaita. Nikapita nyuma yake. Hata shikamoo sikumpa. Nilijua neno ambalo lingemtuliza, "Nimeshuka, bibi," nami nikamnyima makusudi. Wiki haikwisha, akafariki.

Ndugu zangu, nilikwea minazi ya watu miaka mingi, jina safi, moyo mchafu. Siku nilipotubu ndipo nilipofahamu kwamba Bi Mwanasha hakukosea: nilikuwa bado juu. Mungu amenisamehe, namshukuru. Ila bibi sitampata tena nikamwamkie, na hilo linaniuma hadi leo.

Basi nawe uliyekaa juu na kinyongo chako, mtumaini Bwana. Anakuita kwa upole, kama alivyoita yule bibi. Shuka leo, chakula hakijapoa.