Nani Aliziambia Chembe Zilale

Kijiwe chao ni benchi la mbao nyuma ya jengo la kemia la chuo, mjini Saskatoon, Kanada, upande ambao jua la Aprili hufika mapema na theluji huyeyuka polepole kuelekea mtoni. Kahawa ni ya Volti, fundi wa mitambo ya umeme wa maabara, na mnywaji mkuu ni Profesa Bado, aliyeitwa hivyo kwa kuwa kila mwaka ukimuuliza habari za shahada yake ya udaktari jibu ni bado. Leo wamemweka Nane katikati. Jina hilo alilipata kwa kung'arisha elektrodi, kile kipande kinachopitisha umeme majini: wote hufundishwa kuisugua kitambaani kwa kuchora umbo la nane, ila yeye hata sahani huosha hivyo. Saa tisa alasiri walimu wake watamuuliza kwa nini chembe zake za madini ya fedha hazilingani. Akikosa sababu, utafiti wake unafungwa. Anaogopa, wala hafichi.

— Hebu tueleze tena, dada, alisema Bado.

— Nazamisha elektrodi kwenye maji yenye fedha iliyoyeyuka. Nafungulia umeme kidogo, nazima. Nataka chembe sawasawa, ndogo hivi kwamba ukizipanga elfu moja hazifikii unene wa unywele. Napata majitu na vitoto.

— Hujang'arisha vizuri, alisema Volti. Chembe huota penye mkwaruzo. Ndiyo wakasema, penye miti hapana wajenzi.

— Hiyo inaingiaje hapo? aliuliza Nane.

— Inaingia tu. Kunywa kahawa.

— Si mikwaruzo, alisema Bado. Iliyozaliwa kwanza inakula riziki yote ya jirani, mdogo mtu anabaki na njaa.

— Mbona nimekuta majitu mawili yamekaa ubavu kwa ubavu?

Bado akakuna kidevu. Volti akamimina tena.

— Basi zinatembea, alisema Volti. Zinateleza, zikikutana zinaungana. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Zinatembea kwenda wapi? aliuliza Nane.

— Kwa ndugu zao. Zamani zilikuwa kijiko kimoja, kabatini kwa bibi ya mtu. Zinakumbukana.

Nane hakucheka. Alifumba macho, jua likamwingia kopeni, akaziona. Atomu moja ilitua kwenye uwanja mweusi wa elektrodi, ikasita, ikarudi majini. Nyingine ikatua, ikakuta mwenzake, zikabaki. Alizipenda, basi. Miaka miwili alikuwa akiziwaza kila anapopanda kitandani, na wazo la kunyang'anywa lilimuuma.

Magurudumu yakakwaruza changarawe. Alikuwa Joelle, mke wa Bado, akisukuma kigari chenye kichanga chao. Hakuwahi kufika kijiweni.

— Karibu, shemeji, alisema Volti. Tunazungumza mambo makubwa ya vitu vidogo.

— Nimesikia tangu kule kwenye kona. Joelle akamgeukia Nane. Ukishazima umeme, unazitazama saa ngapi?

— Kesho yake asubuhi. Hadubini huwa na foleni, kwa hiyo naziacha majini humo humo zisikauke.

— Huyu nikimzimia taa halali ng'o, alisema Joelle, akitikisa kigari. Hizo zenu mkizizimia umeme, nani anaziambia zilale?

Volti akafunga chupa ya kahawa. Maji ya theluji yalisikika yakitiririka chini ya benchi.

— Mashine yangu hupima umeme, alisema Volti. Ukizimwa, inakuwa kipofu.

— Kwa hiyo usiku kucha vitoto huenda vinayeyuka, na majitu yanakunywa fedha yao, alisema Nane taratibu. Au zinatembea. Sijui. Picha zangu zote ni za asubuhi.

— Zote? aliuliza Bado.

— Zote, za miaka miwili.

Hakuna aliyempa pole. Nane alihisi hofu imepata mahali pa kukaa, na kando yake furaha ndogo ambayo hakuitegemea. Akasimama, akashika mpini wa kigari upande mmoja.

— Wifi, saa tisa una nafasi?

— Ya nini?

— Twende wote juu. Ukawaulize na walimu wangu swali hilo hilo.