Uwanja Uliojengwa Ukitazama Jua

Mgeni rasmi, Bwana Lindqvist, mmiliki mpya wa Korongo, timu yetu ya besiboli, Mheshimiwa Meya, wachezaji mlioegemea uzio, na ninyi nyote mliojikinga macho kwa kofia:

Sisi wahudumu wa viti wa Uwanja wa Okachee, hapa Florida, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kwingine risala husomwa kabla ya mchezo. Hapa tunaisoma mchezo ukiwa umesimama, maana saa hizi jua linampiga mpigaji usoni, na mwamuzi hawezi kuruhusu mtu arushiwe mpira asiouona. Tuna nafasi mpaka lizame ziwani, kwa hiyo hatutazunguka sana.

HISTORIA YETU

Uwanja huu ulijengwa na wakulima wa machungwa ili timu ije kujinoa hapa kila machipuko, kaskazini kungali na theluji. Walitaka kila mgeni akiketi alione ziwa letu, basi jukwaa kuu wakaligeuzia huko. Wakasahau kwamba jua nalo huzama huko huko. Mechi zilikuwa za mchana tu, hakuna aliyegundua. Taa zilipofungwa na mechi za jioni kuanza, waheshimiwa wote wa jukwaa kuu wakapofuka kwa mpigo.

Siku hizo watu weusi walikalishwa ng'ambo ya uwanja, nyuma ya kamba, kwenye mabenchi ya mbao. Huko jua lilikuwa mgongoni. Kiongozi wetu, Bi Odessa Mabry, alikuwa mtoto aliyepakatwa na mama yake aliposikia mtu akikohoa kwenye kamba. Alikuwa Bwana Hoyt Sikes, mzungu mwenye mashamba, macho yakimchuruzika machozi.

"Samahani, mama. Naweza kusimama hapo kidogo? Kule sioni kitu."

"Pita tu," mama akasema. "Ila hiyo kofia vua. Walio nyuma yako nao wana macho."

Bwana Sikes akavua. Jioni iliyofuata walikuja wengine, na kamba ikaanza kulegea kwa kurukwa. Hatusemi kwamba jua ndilo lililomaliza ubaguzi. Bi Odessa hukasirika akisikia hivyo. "Jua halikutupa tiketi za jukwaa kuu," husema. "Tulizidai wenyewe." Mapumziko ya jua yalikuja baadaye, mpigaji mmoja alipopigwa mpira begani asijue umetokea wapi.

MAFANIKIO

Wengi wetu ni wastaafu wenye magoti mabovu, lakini hakuna mtazamaji anayekaa hapa kabla hatujamfutia kiti. Tunajivunia pia mapumziko haya, kwa kuwa wachezaji huja uzioni kupiga soga na watu. Wiki iliyopita kijana mmoja mgeni kwenye timu alikuja pale, amekosa kila mpira aliorushiwa.

"Mjukuu wangu, leo umekula?" Bi Odessa akamuuliza.

"Sijala, bibi. Naogopa watanirudisha nyumbani."

"Woga haushibishi. Shika sandwichi hii. Na usinirudishie maganda ya mkate, mimi si kuku wako."

Mchezo uliporudi alikosa tena, lakini safari hii alikuwa anacheka. Yupo pale uzioni, na jina lake hatulitaji kwa kumsitiri.

CHANGAMOTO

Paa linavuja. Foleni ya chooni ni ndefu kuliko ya soseji. Na jua ndilo hilo, mgeni rasmi, unalijionea. Wataalamu wako wamesema ni kasoro isiyorekebishika, nasi hatubishi. Tumesikia pia kwamba Arizona wamekuandalia uwanja mpya uliogeuziwa upande unaotakiwa. Habari hiyo imetuumiza sana. Timu ikihama, uwanja huu utavunjwa, na sisi mwezi Machi hatutakuwa na pa kwenda.

OMBI

Tuliandaa maombi sita. Bi Odessa akayafuta matano.

"Mtu ukimwomba vitu sita atakupa choo," alisema. "Mwombeni kimoja."

Leo ni mechi ya mwisho ya machipuko. Kwa desturi yetu, siku ya mwisho kiti hufutwa mara ya pili, mtu akishanyanyuka. Ndivyo tunavyomwambia kwamba mahali pake papo, mwakani tunamngoja. Anayetuaga kwamba hatarudi, kiti chake tunakiacha na vumbi lake.

Bi Odessa amesimama nyuma yako na kitambaa mkononi. Tangu asubuhi anatuuliza akifanye nini kiti chako. Utakaponyanyuka, tafadhali mwambie wewe.

Jua limeshagusa maji, na mwamuzi anavaa kofia yake. Mungu akufikishe salama kwako, awape wachezaji wetu mabega mazima, na atujalie sote tuonane theluji ikianguka huko kwenu.

Ni sisi wenye vitambaa,
Wahudumu wa Viti, Uwanja wa Okachee