Bahasha Alizoandika Mama Jelagat Maiyo

Mama Jelagat Maiyo alizaliwa tarehe 9 Mei 1943 karibu na Kapsabet, Kenya, akiwa kifungua mimba. Alisoma shule ya misheni, na mwandiko wake ulikuwa mzuri hata walimu wakampa vyeti vya wenzake avijaze majina.

Mwaka 1963 alikuja Birmingham, Uingereza, kusomea uuguzi. Baridi na upweke vilimshinda, akaacha masomo na kupata kazi mtaa wa Sparkbrook kwa mpiga picha aliyeuza kwa posta picha za wasichana waliovaa nguo za kuogelea. Wateja waliagiza kwa barua. Mama alitia picha kwenye bahasha za kaki na kuandika anwani kwa mkono. Siku moja msichana wa kupigwa picha hakufika, Mama akaombwa asimame yeye. Alisimama. Aliwaambia wanawe bila haya kwamba siku hiyo alijiona mrembo.

Mwaka 1969 aliolewa na Kiprono Maiyo, fundi wa treni katika karakana ya Tyseley. Alimwonyesha ile picha kabla ya harusi. Kiprono alicheka: "Kumbe una magoti mazuri hivi na unayafunika na sketi!"

Mwaka 1974 mzee mmoja wa kanisa lao, mtaa wa Kings Heath, aliinuka ibadani na picha hiyo mkononi. Mama akatengwa na meza ya Bwana. Nyani haoni kundule: hakuna aliyemuuliza mzee aliipata wapi. Mama alijua, kwa kuwa bahasha iliyompelekea mzee picha hiyo aliiandika yeye mwenyewe, jina la mzee na nyumba yake. Alinyamaza, maana mke wa mzee alikuwa rafiki yake, tena mjamzito. Hadi mzee anazikwa kwa heshima, Mama hakusema neno. Baadaye aliwasimulia wanawe; walikasirika, na bado inawauma. Kila Jumapili alikaa benchi la nyuma, mkate ukimpita.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Januari 2025 mchungaji wa sasa alimtembelea hospitalini na mkate na divai.

"Mama, just sema umetubu, tushiriki."

"Pastor, na yule aliinunua, yeye alitubu lini?"

Mchungaji alisema atawauliza wazee kwanza, akaondoka na mkate wake. Mama alimngoja, akigeuza kichwa kila mlango ulipofunguliwa. Alifariki tarehe 3 Februari, wazee hawajakaa kikao.

Mumewe alimtangulia mwaka 2011. Ameacha binti, Jerono, mwana, Kibet, na wajukuu watatu. Wazee wa kanisa wamefika leo hapa mazishini na shada la maua.

Mama apumzike kwa amani. Wazee wasipumzike kabla ya kumjibu.