Kiti Kilichomwangusha Mkwe

Mchungaji wetu mpendwa, Mwenyekiti wetu wa Mtaa hapa Kwa Mrombo, wazee wa kanisa, wakwe zetu mliotoka Maji ya Chai, ndugu wageni waalikwa, na wewe binti yangu Ndeshi tunayekuaga leo, nawasalimu nyote. Mzee Sadoki, baba yake Frederick anayemwoa binti yangu, wewe uliyeinuliwa sasa hivi kutoka chini nakusalimu peke yako. Shikamoo, na pole sana. Hujaumia? Mungu ni mwema.

Nilikuwa na hotuba ndefu. Nimeirudisha mfukoni, maana baba aliyemkaribisha mkwe kwenye kiti, kiti kikavunjika mguu mbele ya kamera ya video, hana tena ubavu wa kuwausia watu mambo ya ndoa.

Mnanijua. Mimi ndiye Ephraimu wa vyombo vya plastiki. Sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni enzi za uhaba, biashara ya bidhaa za nje ilipofunguliwa tuliingiwa na wazimu. Kila kinachong'aa nikaleta: ndoo, mabeseni, viti. Je, vilidumu? Muulizeni jirani yangu Mama Vaileth. Mvua ikinyesha, korongo linamshushia shambani viti vyangu vilivyovunjika, na nikivichoma moto anakohoa mpaka jioni. Nami nikikutana naye nampa pole, kana kwamba moshi ni wa mtu mwingine!

Ndeshi aliniomba jambo moja tu kwa siku yake hii. "Baba, usinunue kipya. Tuazime mabenchi ya usharika, na vile viti vibovu nitavishona kwa waya."

Nikamjibu, "Mabenchi ya msibani? Wakwe watasema Ephraimu kafilisika!"

Nikashusha viti vipya, vyeupe pee. Yeye akashona vyake. Sasa tazameni wenyewe. Mchungaji wetu, na mwili wote huo aliojaliwa, amekalia kiti gani? Cha waya! Tangu asubuhi hakijalia hata kidogo. Na mzee wa watu niliyempa kipya, lo!

Kigoda hiki nilichoshika alikichonga babu yangu kule Machame. Nilikificha kwenye banda la ng'ombe msije mkakiona. Nimekifuta kwa koti langu jipya, samadi iliyobaki mtanisamehe. Na hili juu yake ni jani la isale. Mzazi mwenzangu, desturi inasema anayeombwa radhi kwa isale hakatai, lakini sitaki ulazimike. Naogopa, nasema kweli. Usiponisamehe, mwanangu ataingia nyumbani kwako amebeba aibu yangu, naye ndiye pekee aliyenikanya. Je, utakaa?

Amekaa! Akina mama, vigelegele!

Anasema nini? Anasema kigoda kinaondoka naye Maji ya Chai, hakirudi bandani. Kichukue, mzee wangu, ni chako.

Nawashukuru nyote mlionisikiliza mpaka mwisho, na ninyi mliokalia viti vyangu vipya, inukeni taratibu. Ndeshi, mwanangu, nenda salama. Ila kabla hujaondoka, waya na plaizi uniachie.